Nundu ya Nyumba Kumi na Moja

Kifungo kilikuwa cha shati la ibada la Evandro, cheupe, chenye matundu manne. Rosane alikikata kwa wembe taratibu ili asichane kitambaa, akakifuta kwa pindo la gauni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kila nyumba inatoa alama yake," akamwambia mumewe. "Kesho hiki ndicho kitakachotuchagulia fungu letu la nyama. Mzee Anjulo anatoa ufunguo wa kufuli lililopotea. Mkewe Ayelech kaniambia kuna mwaka mtu alileta kijiwe, na jirani yake naye akaleta kijiwe, wakagombana mpaka jioni."

"Kifungo hakina wa kugombana naye," akasema Evandro. Akakitia mfukoni mwa suruali, akaupigapiga mfuko kwa nje kuhakikisha kimekaa.

Maksai mwenyewe alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya Mzee Anjulo, mwekundu, amenona hadi nundu imelala upande. Nyumba kumi na moja za mtaa ule, kwenye mteremko unaoutazama mji wa Sodo, kusini mwa Ethiopia, zilikuwa zimemchangia mwaka mzima, birr chache kila Jumapili baada ya ibada. Wanaume ng'ombe, wanawake siagi: ndivyo watu wa Wolaita wanavyoipokea Meskeli, sikukuu ya Msalaba, na hawajui namna nyingine. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya hawa Wabrazili watatu, mchungaji na mkewe na binti yao Lívia wa miaka tisa, waliokuja kufundisha wainjilisti. Mwaka wao wa kwanza waliila Meskeli peke yao. Walichinja kuku, wakafunga mlango kwa ajili ya mvua, wakakaa kusikiliza mtaa mzima ukiimba.

Kuingia kwenye kundi hakukuwa kwepesi. Mzee Lachore, ambaye shamba lake limepakana na la Anjulo, alikataa waziwazi kikaoni. "Hawa watakaa miaka miwili watakwenda zao," alisema. "Nyumba ya kumi na moja itabaki tundu, na tundu hilo tutalijaza na nini?" Mambo yakawa mabaya zaidi pale Evandro alipotaka kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mzee Anjulo, aliyetunza mchango, alizirudisha noti zile kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akamwambia alete kila Jumapili kama wenzake. Aliyewaingiza hasa ni Ayelech, mke wa Anjulo, mwanamke mnene mwenye mwanya, mtunza siagi wa mtaa, ambaye kila wiki wanawake walimletea siagi ya mtungi wa Meskeli. Alisimama mlangoni mwa kikao, mahali ambapo wanawake hawasimami, akasema, "Mimi nitawajibika kwa ajili ya hawa." Akaenda zake jikoni.

Siagi ndiyo iliyomtoa Rosane jasho. Mara ya kwanza alipeleka kopo la dukani, la njano kama ua. Ayelech alilifungua, akanusa, akawapitishia wenzake.

"Mama Livia, huyu ng'ombe aliyetoa hii anakula nini? Rangi ya ukutani?"

Wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Rosane alirudi nyumbani masikio yamemwaka moto. Lakini Jumamosi iliyofuata Ayelech alimpitia, wakaenda sokoni pamoja, akamfundisha kuinunua siagi ikiwa ndani ya jani, kuipaka kidogo nyuma ya kiganja, kuiacha iyeyuke kwa joto la mwili, kisha kunusa. Iliyochanganywa inanuka unga. Iliyolala sana inanuka mbuzi. Nzuri haina haraka: inanukia kwanza jani, halafu moshi, halafu maziwa. Ilimchukua Rosane miezi minne kuyajua hayo, na siku alipomrudishia muuza siagi bonge lake akamwambia, "Hii umeitia viazi, mama," soko zima liligeuka kumtazama. Ayelech alilisimulia jambo lile wiki nzima.

Jioni ile ya mkesha simu ililia. Alikuwa Mchungaji Osmar, msimamizi wa misheni yao, kutoka Addis Ababa.

"Dada Rosane, nyumba ya Sodo iko tayari," akasema. "Ina ukuta, ina mlinzi, maji hayakatiki. Nilimwambia Evandro mwaka jana: kama hadi Meskeli hii majirani hawajawapokea, mnahamia mjini. Sitaki familia yangu iteseke mahali isipotakiwa."

"Kesho tunagawana ng'ombe nao," Rosane akasema.

"Vizuri. Nitapiga keshokutwa mnipe jibu."

Rosane akaitazama nyumba yake: sakafu ya saruji aliyoisugua mwenyewe, mlango usiofunga vizuri, kibuyu cha kunywea ile chai chungu ya kwao kimening'inia msumarini, kikavu, kwa kuwa majani yake yalikwisha tangu Februari na sasa anakunywa kahawa na siagi kama wenzake. Lívia alikuwa uani akirushiana kokoto na wajukuu wa Ayelech, akiwatukana kwa lugha yao bila kukosea. Mwanzoni Rosane alilia kila siku kwa ajili ya nyumba hii. Sasa, neno ukuta likiwa bado sikioni, akaenda kuufungua mlango wote.

*

Maksai alichinjwa alfajiri uani kwa Wabrazili, kwa kuwa baraza lao lilikuwa na bati pana kuliko yote na mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Wanaume walichuna kwa utaratibu, ngozi ikatandikwa chini, mwili ukalala juu yake mzima. Evandro alitaka kisu tangu mwanzo. Alikuwa mwana wa mchoma nyama. Kwao, kusini mwa Brazili kwenye nyanda za ng'ombe, baba yake aliwalisha watu mia tatu kwenye harusi kwa visu viwili na shimo la moto. Kila alipouona mkono wa mtu ukichuna polepole, vidole vyake vilichezacheza.

Mvua ikanyesha, ikakatika. Ikabidi waende kukata majani ya ensete, ile migomba yao isiyozaa ndizi, ili wapate pa kupanga mafungu, na mke wa Lachore alikuwa amekwisha kuita watu kwenye kahawa.

"Mchungaji," Mzee Anjulo akasema, "wewe baki. Kuna mbwa, kuna mwewe. Kazi yako ni mbwa."

"Niwasaidie kukata kidogo mkiwa huko?"

"Kazi yako ni mbwa," akarudia Anjulo, akicheka, akaenda zake na wenzake.

Rosane wakati huo alikuwa jikoni kwa Ayelech. Wanawake wanane walikuwa wameuzunguka mtungi wa siagi, wakiipasha moto na majani yanukiayo, huku mmoja akisaga pilipili mbichi na vitunguu saumu. Walimtania kwa kuwa machozi yalimtoka.

"Mama Livia anamlilia ng'ombe!"

"Anamlilia mumewe. Si ana kazi ya mbwa leo?"

"Afadhali wa kwake ana kazi. Wangu kaenda kunywa kahawa."

Rosane alicheka nao. Ayelech alimpa mwiko na kumwambia akoroge, na kupewa mwiko ule halikuwa jambo dogo, maana siku zote alikoroga Ayelech mwenyewe. Alikuwa anakoroga hivyo, polepole, kwenda kulia tu kama alivyofundishwa, ndipo pua yake ilipoinuka. Ilikuwa harufu ya Jumapili nyumbani kwa baba mkwe. Mafuta yanadondoka kwenye makaa. Chumvi ya mawe.

Wanawake wengine nao wakanyamaza, wakanusa.

"Nani anachoma?" akauliza Ayelech.

Lívia akaingia mbio, ametapakaa tope hadi magotini, uso umechangamka. "Mama! Baba kammaliza ng'ombe mzima! Kila mtu kamkatia pande lake, na ile nundu kaiweka kwenye moto kama kwa babu!"

Rosane aliuacha mwiko ndani ya mtungi.

*

Alichokiona uani kilikuwa kazi nzuri sana, na hilo ndilo lililokuwa baya. Evandro alikuwa amemfungua yule ng'ombe kama mtu anavyofungua barua. Mapaja yametolewa mazima, safi, bila mkwaruzo. Mbavu za upande mmoja ziko pamoja kama chanja. Mnofu laini wa mgongoni umelala peke yake. Maini huku, figo kule, ulimi pembeni. Mapande kumi na moja yalikuwa yamepangwa juu ya ngozi kwa mstari. Na katikati ya ua, juu ya makaa, nundu nzima ilikuwa imechomekwa kwenye upanga wa chuma aliokuja nao kutoka kwao, inageuka, inalia mafuta.

Wanaume walikuwa wamesimama na majani yao mabegani. Hakuna aliyeyatua.

"Nilisema niwapunguzie kazi," Evandro alikuwa anasema, jasho linamtiririka, furaha haijamtoka bado. "Nimemfikiria kila mtu. Nyumba yenye watoto tisa, paja. Ya mjane, mbavu na maini. Na hili, Mzee Lachore, ni lako. Laini kabisa. Halihitaji meno."

Mzee Lachore alikuwa amebakiwa na meno manne, na kila mtu mtaani alijua hivyo, na hakuna aliyewahi kulitamka. Aliliangalia pande lile la mgongoni. Akaiangalia nundu kwenye moto.

"Tulimweka kwa ajili ya mbwa," akasema. "Afadhali tungemweka mbwa."

Kijana mmoja akacheka puani, akajikohoza.

Mzee Anjulo alichuchumaa kando ya ngozi, akaligusa paja kwa ncha ya kidole. "Mchungaji," akasema, na sauti yake haikupanda, "hapa mwenye nyumba ya bati na mwenye nyumba ya nyasi wanakula ng'ombe mmoja. Kila fungu lina kidogo cha paja, kidogo cha ubavu, kidogo cha ini, hata cha pua. Nyama tunailinganisha kwa macho, kura ndiyo inayochagua. Wewe umetuchagulia. Umekaa ukatupima, huyu ana watoto, huyu hana mume, huyu hana meno. Na nundu ndiyo tunayoanza nayo, mbichi, kila nyumba donge lake, na pilipili. Watoto wameiota tangu jana."

Sasa ndipo uso wa Evandro ulipobadilika. Rosane aliona rangi ikimpanda kutoka shingoni. Akajua mumewe atasema neno, na kwamba halitakuwa zuri, kwa kuwa Evandro akiona haya hukimbilia ukarimu.

"Nisameheni," Evandro akasema. "Nisameheni sana. Kesho naenda soko la Sodo, nanunua mwingine. Mkubwa kuliko huyu. Kwa fedha yangu, mtu asitoe hata senti. Na huyu mgawane nyinyi nyumba kumi mnavyojua. Sisi msituhesabu."

Mzee Anjulo akasimama, akavua kofia, akaitazama kwa ndani kama aliyesahau kitu humo.

"Ukimnunua peke yako," akauliza, "utamla na nani?"

*

Ayelech alimkamata Rosane mkono, akamvuta nyuma ya jiko, penye rundo la kuni. Alikuwa anatweta, na mwanya wake hauonekani kwa jinsi alivyokaza midomo.

"Mumeo ana wazimu?"

"Dada, hakujua. Kwao ndivyo wanavyokata. Alitaka kusaidia..."

"Sisemi kisu! Kosa la kisu litatengenezwa kwa kisu, watakata upya, tutakula tumechelewa, watoto watalia, basi. Nasema mdomo! 'Msituhesabu!' Mwaka mzima mimi nasimama mbele ya watu nasema hawa ni wa kumi na moja. Lachore ananicheka, mimi nasema kumi na moja. Mume wangu ananiambia nyamaza, nasema kumi na moja. Leo mumeo kwa mdomo wake katufanya kumi. Na ng'ombe wa bure juu yake! Sisi ni ombaomba wake?"

Rosane akaifuta kwa pindo la gauni mikono yake iliyonuka siagi.

"Nimekupa mwiko wangu," akasema Ayelech, taratibu sasa, na hilo lilimchoma kuliko ukali wote. "Nenda kwa mumeo."

Alimkuta Evandro amekaa juu ya gogo upande wa pili wa nyumba, upanga wa kuchomea magotini, nundu bado juu yake, nusu imeiva. Nzi walikuwa wameanza kuizunguka.

"Osmar alikuwa sahihi," akasema bila kuinua kichwa. "Miaka miwili, na bado sijui hata kukaa na nyama nisiikosee. Twende Sodo, Rosane. Huko hakuna wa kumkosea."

"Huko hakuna mtu."

"Umemsikia yule mzee? Mbwa!"

"Nimemsikia. Na limechekesha. Siku nyingine utacheka." Akamfukuzia nzi kwa pindo la gauni. "Evandro, umekosea nyama. Nyama! Hujamvunjia mtu nyumba. Kule dukani mimi nilinunua siagi ya rangi ya ukutani, nikachekwa na wanawake wote, nilihama?"

"Nimetaka kulipa."

"Ndiyo, kulipa. Mwaka jana ulitaka kulipa, leo unataka kulipa. Watu hawakudai, wewe unalipa tu. Wamekasirika, basi kaa waendelee kukasirika nawe ukiwapo. Mimi nimenusa siagi nyuma ya kiganja changu mwaka mzima, halafu uniambie nikajifungie nyuma ya ukuta wa Osmar? Siendi. Nenda wewe na mlinzi wako."

Evandro aliinua uso. Kwa miaka kumi na tatu ya ndoa hakuwahi kuambiwa aende na mlinzi wake.

"Nifanye nini, basi?"

"Inuka. Chukua hiyo nundu, uipeleke ilikotoka. Usiseme kitu. Mdomo wako leo umefanya kazi ya kutosha."

*

Wanaume walikuwa tayari wamechuchumaa kuizunguka ngozi, kila mmoja na kisu chake, majani ya ensete yametandazwa. Paja lile zuri lilikuwa linakatwa vipande kumi na moja, kila kipande kikipelekwa kwenye jani lake. Evandro akaiweka nundu mbele ya Mzee Anjulo, akasimama mikono imening'inia.

"Hii wapewe mbwa," mmoja akasema. "Kazi yake leo si ni mbwa?"

"Nundu ni nundu," Mzee Anjulo akasema. "Imepata moto, haijapata sumu. Itagawanywa." Akamtazama Evandro. "Kaa. Shika mguu huu, nisije nikajikata."

Evandro akachuchumaa kati yake na Lachore. Akashika mguu. Alishika mguu saa nzima. Kisha mtu akampa kisu, hakujua ni nani, akaanza kukata ini. Alikata vizuri, kwa haraka, vipande vinalingana, akaridhika navyo.

"Vikubwa," akasema Lachore bila kumtazama.

Akakata vidogo.

"Bado."

Akakata vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Lachore akachukua kimoja, akakigeuza, akakiweka kwenye jani. Evandro akaendelea na vya ukubwa huo. Jua lilikuwa limetoka, maua ya njano ya Meskeli yamefunguka ukingoni mwa barabara, na watoto walikuja kila mara kuuliza kama bado, wakafukuzwa kwa majina ya kuchekesha. Ilipofika saa nane mchana mafungu kumi na moja yalikuwa tayari, yanafanana kama mayai, hata nyuzi za utumbo zimepimwa. Juu ya kila fungu kuna donge la nundu, jeusi kwa nje, jekundu ndani.

Anayeweka alama juu ya mafungu sharti awe mtu asiyejua alama ipi ni ya nani. Wakasimama kando ya barabara, wakangoja, hadi akapita mama mmoja wa kijiji cha mbali, mrefu, mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni. Wakamsihi. Akatua mzigo, akanyoosha kiuno, akanung'unika kwamba na yeye ana Meskeli yake inamngoja, lakini akaja. Mzee Anjulo akapitisha kikapu, na kila mwenye nyumba akatia mkono wake uliofumbwa. Wanawake walisimama mbali kidogo, kwenye kivuli cha jiko. Rosane aliona kikapu kikifika kwa Evandro. Akauona mkono wake ukienda mfukoni, ukabaki humo. Kikapu kikangoja. Evandro akatikisa kichwa kidogo, macho chini, na kikapu kikapita.

Hakuwa amefanya hivyo kwa kiburi, na Rosane alijua. Alikuwa ameona haya ya kujihesabu mwenyewe baada ya kusema asihesabiwe. Alikuwa anangoja aambiwe, na kule hakuna aliyewahi kuambiwa.

Yule mama mpita njia akakichungulia kikapu, akaanza kuzipanga alama kiganjani. Ufunguo. Kijiti. Ushanga. Mbegu ya kahawa. Akamaliza, akayatazama majani.

"Mafungu kumi na moja, alama kumi," akasema kwa sauti ya mtu mwenye haraka. "Nani kafa?"

Mzee Anjulo alikuwa anautazama mlima. Lachore alikuwa anafuta kisu chake kwenye jani, na kisu kilikuwa kimekwisha kuwa safi.

Rosane alitoka kivulini. Alivuka ua wote ule mbele ya wanaume, akipita kando ya ngozi. Akafika kwa mumewe, akatia mkono mfukoni mwa suruali yake mbele ya watu kama mama anayemtafutia mtoto leso, akatoa kifungo.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Mume wangu kalala tu."

Aliyeanza kucheka ni Ayelech, kule kivulini, kicheko kinene kilichomtoka tumboni, kisha wanawake wote, kisha wanaume mmoja mmoja. Mzee Anjulo akafunika uso kwa kofia. Yule mama akakipokea kifungo, akakipuliza vumbi.

"Kumi na moja," akasema. "Mngeniambia mapema, mzigo wangu unanyauka." Akayageukia mafungu, akawa anadondosha alama bila kutazama, kama anayetawanyia kuku mtama. Kifungo kiliangukia fungu la pembeni, karibu na miguu ya mbwa aliyekuwa amelala hapo tangu asubuhi bila kugusa chochote.

*

Walikula alasiri nzima, uani kwa Wabrazili, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuhama. Kulikuwa na mkate wa shina la ensete uliolainishwa na siagi ya mtungi, na pilipili iliyowatoa watu kamasi, na nyama mbichi iliyokatwa nyembamba. Rosane alikula tonge lake la kwanza la nyama mbichi pasipo kufumba macho. Lívia alikuwa anaila tangu mwaka jana kwa siri, ikagundulika siku hiyo. Waliimba. Wazee walibariki nyumba moja baada ya nyingine, na walipoitaja ya kumi na moja sauti zao hazikubadilika.

Jua likielekea kuzama Mzee Lachore akaja, fimbo mkononi, akasimama mbele ya Evandro aliyekuwa anaosha upanga wake wa kuchomea. Akautazama kwa muda.

"Mchungaji."

"Naam, mzee."

"Ile nundu." Akakohoa. Kidevu chake kilikuwa kinang'aa mafuta. "Mwakani usiiweke yote motoni. Nusu. Nusu tuile kama watu."

"Sawa, mzee. Nusu."

"Na ile ya motoni uitie chumvi vilevile ulivyoitia leo, usipunguze." Akageuka kuondoka, akageuka tena. "Na habari za meno yangu, uziache."

"Nimeziacha, mzee."

Akaenda zake. Ayelech, aliyekuwa mlangoni anajifanya anakunja majani, alimpiga Rosane kiwiko cha mbavu karibu amwangushe.

"Umesikia? Mwakani, kasema. Lachore! Kwa mdomo wake wa meno manne!"

Kesho yake asubuhi Ayelech alimpitia tena. Alikuwa ameleta mtungi wa siagi, umeoshwa, umefukizwa moshi hadi unanuka vizuri, mtupu. Akautua juu ya meza ya Rosane kama chake.

"Mwaka huu unakaa kwako," akasema. "Mimi nimezeeka kuubeba. Wenzio wataleta hapa kila wiki. Utakayemkuta na ya viazi, mrudishie, usimwonee haya hata akiwa mimi."

Alikuwa bado kwenye ngazi simu ilipolia. Rosane aliishika kwa bega, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na jani la siagi alilolinunua juzi na mwingine ulikuwa na kijiko.

"Dada Rosane," akasema Mchungaji Osmar, "lori la Sodo naweza kulipata Jumatano. Mmeamuaje?"

"Lori mpe mtu mwingine, mchungaji. Siagi ya mwakani inakaa kwangu."

"Siagi? Siagi gani?"

Rosane alikuwa amekwisha kujipaka kidogo nyuma ya kiganja, anangoja iyeyuke. Jani kwanza. Halafu moshi. Akangoja ya mwisho.

"Nzuri," akasema, akatia kijiko cha kwanza mtungini.